Fundi Aliyeota Anapaa

Wapo watu waliogombana na punda, wapo waliogombana na mlango. Fundi wa mapazia yeye aligombana na kabati la nguo, mchana kweupe, katikati ya barabara ya maduka ya vitambaa, na alikuwa na akili zake timamu.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka duka la jumla, majora mawili begani, moja la kitambaa kizito cha kijani na jingine la wavu mweupe. Barabara ile mchana haina adabu. Wauza vifungo wamesogeza meza zao hadi njiani, pikipiki zinapita zinapopenda, na kila duka limefungulia muziki wake kwa sauti ya kushindana na jirani. Katika msongamano huo likatokea kabati la milango mitatu, lina kioo mbele, linakuja. Chini yake ilionekana miguu miwili yenye buti zilizochakaa. Mwenye miguu haonekani.

“Aliye mbele asogee,” kabati likasema.

“Aliye mbele hana pa kusogea.”

“Basi arudi nyuma.”

“Nyuma kuna meza ya vifungo. Nikirudi vitamwagika, na atakayeviokota ni wewe.”

Kabati likasimama, likafikiri kidogo. “Umebeba nini, dada yangu?”

“Majora.”

“Mazito?”

“Si kama hilo lako.”

“Basi mwenye mzigo mwepesi humpisha mwenye mzigo mzito. Ndiyo sheria ya barabara.”

“Nani aliitunga sheria hiyo?”

“Sisi makabati.”

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu, na mwenyewe akashtuka, kwa sababu tangu amzike mama yake hakuwa amecheka hata na watoto wa jirani. Kwenye kioo akajiona: mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijivu linalomning'inia, tepu ya kupimia imesahaulika shingoni, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, meno yote nje. Ilimchukua kitambo kujitambua.

Kabati likashushwa taratibu, kwa upole ambao hungeutegemea kwa kitu kikubwa namna ile. Nyuma yake akatokea mwanamume mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, mkanda mpana wa ngozi umembana kiunoni, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa mbebaji katika kampuni ya kuhamisha vyombo. Wenzake walimwita Kabati, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kubeba kabati peke yake hadi ghorofa ya nne bila kugusa ukuta. Alimtazama fundi na majora yake, akaichukua ile meza ya vifungo na vifungo vyake vyote, akaisogeza pembeni kama anayesogeza sahani.

“Pita, fundi.”

“Umejuaje kuwa ni fundi?”

“Tepu hiyo, ama ni mkufu?” Akajifuta uso. “Mimi nina dirisha halina pazia. Nipe namba yako.”

“Dirisha moja halihitaji namba ya simu. Njoo dukani na vipimo.”

“Langu linahitaji. Ni dirisha gumu.”

Akampa. Alipofika nyumbani alijilaumu njia nzima ya ngazi, ghorofa ya kwanza mpaka ya tatu, na simu ilipolia jioni aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, maana kazi zao hazikuwaachia nafasi. Kabati alipiga akiwa nyuma ya lori kati ya masofa ya watu, upepo unapiga kwenye kipaza sauti. Fundi aliongea akiwa na pini mdomoni.

“Laazizi, leo nimebeba piano.”

“Mhm.”

“Sema neno moja tu la kunipoza.”

“Nina pini.”

“Basi hata la pini nitalipokea.”

Jumapili walikutana. Kabati akawa fundi msaidizi bila mshahara: yeye anapanda ngazi ya mbao kufunga fimbo za mapazia nyumbani kwa wateja, fundi anasimama chini akishika pindo, anamwelekeza kulia, kushoto, juu kidogo, hapohapo. Wateja walidhani wameoana. Hakuna aliyewasahihisha. Taratibu lile gauni la kijivu likawekwa kando, likaja la maua madogo ya njano, na Kabati alipoliona alinyamaza kimya mpaka fundi akamwuliza kama ameumwa.

“Sijaumwa,” akasema. “Naangalia.”

Basi kama ni hivyo, utasema, kizuizi kilikuwa nini? Kizuizi kilikuwa chumba kimoja mle ndani ya nyumba ya fundi, ambacho mlango wake Kabati hakuwahi kuuona ukifunguliwa. Na kilikuwa ndoto.

Mama yake fundi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi nao ukawa mzito. Alilala kitandani miaka mingi. Waliozaliwa walikuwa wawili, lakini dada mkubwa alikuwa ameolewa mji wa mbali, akiuguza kwa njia ya simu: mpe supu, mbadilishe upande, usimwache na baridi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na hawakukosea. Fundi ndiye aliyemnyanyua. Alimnyanyua kumwogesha, kumlisha, kumbadilisha shuka, kumgeuza asipate vidonda, mchana na usiku, na kati ya kumnyanyua na kumnyanyua alikaa kwenye cherehani alichokiweka kandokando ya kitanda na kushona mapazia ya madirisha ya watu wengine. Alimpenda mama yake. Hilo lisiwe na shaka. Lakini asubuhi moja, mgongo unamuuma na usingizi haujamwingia, alisimama dirishani akasema kwa mdomo wake: “Ee Mungu, mchukue apumzike. Na mimi nipumzike.” Wiki ile haikuisha, mama akafa.

Hakumwambia mtu yeyote. Na siku chache baada ya maziko akaanza kuota anapaa.

Ndoto ilianzia mikononi. Mikono inakuwa myepesi, inainuka pembeni bila kuiinua, kisha mabega, kisha nyayo zinaachana na sakafu. Anapita dirishani, anapita juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mapaa na matangi ya maji, na moyo wake unajaa furaha ambayo akiwa macho hajawahi kuipata. Chini kule dirisha la chumba liko wazi. Mama yuko kitandani, anamwita kwa lile jina lake la utotoni, na ndotoni ulimi wake si mzito hata kidogo, kila herufi inasikika. Fundi anasikia vizuri. Hashuki.

Akiamka furaha ile hubaki kifuani kwa kitambo kidogo, kisha huja aibu na kuifukuza.

Nyumbani kwao ndoto ilikuwa kitu cha kusimuliwa asubuhi kabla ya chai, na mama ndiye aliyekuwa mfasiri. Meno yakitoka, maji yakifurika, nyoka akiingia ndani, yote alikuwa na jibu lake. Sasa mfasiri mwenyewe ndiye aliyemo ndotoni, ungemwuliza nani? Fundi akauliza ovyo ovyo. Mteja wake mmoja, mwalimu, akasema kupaa ni safari, tengeneza pasipoti. Jirani wa chini akasema mtoto akiota anapaa ujue anarefuka, “lakini wewe kwa umri huo unarefukia wapi?” Muuza vifungo akashusha sauti: wanaopaa usiku tunawajua, nenda kaombewe. Mwisho akamwuliza dada yake kwenye simu, na afadhali asingeuliza.

“Unapaa?” dada akasema. “Na unafurahi?”

“Ndotoni, dada. Si kwa kupenda kwangu.”

“Mimi kila nikimwota mama naamka mto umelowa. Haya. Kila mtu huota kilichomo moyoni mwake.”

Dada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majonzi yake, na majonzi ya aliyekuwa mbali huwa na makali. Lakini maneno yale yalimwingia fundi yakakaa. Akaamini amejijua sasa: yeye ni mtu anayempenda mtu mpaka anachoka naye, kisha anaomba achukuliwe, kisha anapaa. Mtu wa namna hiyo hafai kupewa mtu mwingine.

Fundi alimsimulia Kabati nusu tu ya ndoto. Alimwambia ile ya juu, mapaa na nguo zilizoanikwa na ile furaha. Ya dirishani akaimeza.

Jumapili moja walikuwa kwenye nyumba mpya ya mteja, haijaingizwa vyombo bado, sauti zinarudi kutoka kwenye kuta. Sebule ilikuwa na madirisha makubwa yanayotazama barabara, na jua la asubuhi lilikuwa limetandazwa sakafuni mpaka mlangoni. Kabati alikuwa juu ya ngazi ya mbao, bisibisi mkononi. Fundi alikuwa amepiga magoti akibana pindo kwa pini, gauni lake la njano amelikusanya asilikanyage.

“Kipenzi,” Kabati akasema bila kugeuka. “Kwenye hizo ndoto zako, mimi huwa niko wapi?”

Fundi hakujua kudanganya haraka. “Haumo.”

“Hata pembeni? Hata nimebeba kitu napita?”

“Haumo.”

Bisibisi ikazunguka mara kadhaa. “Basi niingize,” akasema. Akageuka sasa, akamtazama kutoka kule juu, na uso wake haukuwa na mzaha ingawa mdomo ulikuwa ukiutafuta. “Nataka kukuoa, fundi. Nimeshamwambia mama yangu. Sikufichi, mgongo wa mbebaji hauzeeki vizuri. Mzee wetu mmoja pale kazini siku hizi hajiwezi, mkewe anamgeuza kitandani kama godoro linaloanikwa. Nami nikiwaza siku hiyo, naona atakayenigeuza ni wewe, na siogopi.”

Pini zikamdondoka fundi, zikasambaa sakafuni. Aliona kitanda. Alimwona huyu mwanamume mwenye nguvu amelala pale pale alipolala mama, na alijiona yeye amesimama dirishani asubuhi, akimwomba Mungu.

“Siwezi,” akasema.

“Huwezi nini?”

“Kuolewa na wewe.”

Kabati akateremsha bisibisi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Ni kwa sababu mimi ni mbebaji?”

Neno moja tu lingetosha. Lakini fundi alifikiri: akiamini hivyo ataondoka na hasira, na hasira hupoa; lakini akijua mimi ni nani ataondoka na hofu. Akainama akaanza kuokota pini. Kabati akachukua ukimya ule kuwa jibu. Alimaliza kukaza skrubu zote za fimbo, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, akashuka, akakunja ngazi, akaiegemeza ukutani. Alipotoka hakuubamiza mlango.

Kabati alimpigia mara moja tu baadaye.

“Sikupigii kukulaumu,” akasema. Nyuma yake injini ya lori ilikuwa ikinguruma. “Ila useme mwenyewe. Ni kazi yangu?”

“Usiniulize, tafadhali.”

“Haya. Na ndoto yako ilishanijibu, mimi tu ndiye niliyekuwa mzito wa kuelewa. Mtu anayepaa hana haja na mbebaji.”

Akakata. Fundi alikaa na simu sikioni hata baada ya sauti kuisha. Siku zilizofuata alishona kwa bidii mpaka wateja wakamsifu, akavaa tena gauni la kijivu, na jirani wa chini hakumwuliza lolote, jambo ambalo kwa jirani yule lilikuwa ni huruma kubwa.

Ndoto haikukoma.

Sasa, dada mkubwa alikuwa na rafiki yake katika mji uleule wa fundi, ambaye baba mkwe wake alikuwa ametoka hospitali hajiwezi, na wanatafuta kitanda cha mgonjwa. Dada akapiga simu. “Kile cha mama kimekaa tu pale. Wape.” Fundi alikubali kabla hajawaza, na alipowaza akaona hawezi kukikabidhi kwa mikono ya mtu yeyote. Wapo wabebaji wanaotupa vitu. Akaitafuta namba ambayo alikuwa hajaifuta.

“Sikupigii kwa yale,” akasema.

“Nakusikia.”

“Nina kitanda cha kuhamisha.”

“Cha nani?”

“Cha mama.”

Kabati akasema, “Nitakuja kesho asubuhi.”

Alikuja na lori na dereva, ila mbebaji mwenzake alikuwa ametumwa kwingine, na dereva hakuweza kuliacha lori mahali lilipokuwa limezuia njia. “Nitakibeba peke yangu,” Kabati akasema mlangoni, akitazama viatu vyake.

“Hakibebeki peke yako. Nitashika upande mmoja.”

Hakubisha. Fundi akaufungua ule mlango, na Kabati akaingia chumbani kwa mara ya kwanza. Kilikuwa chumba kidogo kinachonuka sabuni. Kitanda kilikuwa cha chuma, kina mkono wa kuzungusha chini wa kuinulia upande wa kichwa, na mkono ule ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. Kwenye fremu ya dirisha palikuwa na kamba nene iliyofungwa vitambaa, ya mgonjwa kujivutia kwa ule mkono mzima. Cherehani kilikuwa bado pale pale kando, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kushona na huku ameshika mkono wa mgonjwa. Na sakafu, upande mmoja wa kitanda, rangi ilikuwa imelika, mahali ambapo mtu mmoja alisimama siku zote kunyanyua.

Kabati alipatazama pale penye rangi iliyolika kwa muda mrefu.

“Ulimuuguza peke yako.”

“Nani mwingine?”

“Na mimi nikapanda juu ya ngazi nikakuambia habari za kugeuzwa.” Akapitisha kiganja usoni. “Kwa nini hukuniambia?”

“Shika upande wa kichwa,” fundi akasema. “Huo ndio mzito.”

Wakanyanyua. Kabati, ambaye kila siku alifundisha vijana namna ya kubeba, alimwona akikunja magoti kabla ya kuinama, akiweka mzigo karibu na tumbo, akipumua nje wakati wa kuinua. Hakuna aliyemfundisha ila kazi yenyewe. Wakateremka polepole, mtu anarudi nyuma na mtu anakwenda mbele, wakizungumza lugha ya wabebaji tu: kona, shusha kidogo, subiri, haya. Ghorofa ya pili Kabati alitaka watue wapumzike. Fundi akakataa. Alikishikilia kitanda akiwa amesimama pale kwenye kona ya ngazi, mishipa imemtoka shingoni, na bila kumtazama akasema yote. Alisema juu ya asubuhi ile ya dirishani na maneno aliyoyaomba. Akamweleza namna mama anavyomwita ndotoni naye hashuki, na ile furaha, na alichokisema dada.

“Si kazi yako,” akamaliza. “Haikuwa kazi yako hata dakika moja. Nilikataa nisije nikakuombea wewe kifo siku moja.”

“Mungu hachukui maneno ya mtu aliyechoka,” Kabati akasema.

“Hayo ni maneno ya kufariji. Nimeshaambiwa mengi.”

Kabati akakaza mikono yake kwenye chuma. Wakaendelea kushuka, na kitanda hakikupungua uzito.

Chini uani, mbele ya lori, wakakitua. Dereva alikuwa anahangaika kufungua mlango wa nyuma. Fundi akasimama wima, akaiachia mikono yake pembeni, na mikono ikakataa kukaa. Ilianza kupanda. Wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, taratibu, mbali na mapaja, bila yeye kuiambia, mpaka ikawa imenyooka pembeni kama ya mtu anayetaka kuruka kutoka ardhini. Aliitazama kwa hofu. Aliijua hali ile. Ilimjia kila usiku, ila hakuwahi kukutana nayo jua likiwa juu.

“Iache,” Kabati akasema. Yake pia ilikuwa imeinuka kidogo, wala hakuijali. “Itashuka yenyewe.”

“Ni nini?”

“Uzito. Ukibeba kitu kizito kwa muda mrefu, siku ukikitua mikono inakuwa haina habari. Wewe umeshatua, yenyewe inaendelea kunyanyua. Vijana wapya huogopa sana. Mmoja alipiga kelele kwamba anataka kupaa, tukamcheka wiki nzima.”

Alilisema hivi hivi, kama mtu anavyosema habari za kazini kwake. Kisha akaona uso wa fundi.

“Rudia,” fundi akasema.

“Nirudie lipi?”

“La mikono.”

Kabati hakurudia mara moja. Naye sasa alikuwa ameshaikumbuka ile ndoto, na akalichagua neno kwa uangalifu, kama anavyochagua pa kuweka mguu akiwa na mzigo gizani. “Haijui kama mama amekufa,” akasema. “Bado unamnyanyua.”

Fundi akakaa juu ya chuma cha kitanda palepale uani, mbele ya dereva na majirani waliokuwa wakifua, akalia. Siku ya maziko hakulia hivyo. Alilia kwa sauti, na Kabati akapiga magoti mbele yake na ovaroli yake, asimbembeleze, asimwambie basi.

“Na furaha?” akauliza alipoweza. “Ile furaha ninayoipata je?”

“Mimi sijawahi kutua mzigo nikanuna, laazizi. Hata mzigo wa mama yangu mzazi, siku nilipomhamisha nyumba. Kutua si kutupa.”

“Lakini niliomba.”

“Uliomba. Hilo siwezi kukuondolea.” Akamshika vidole. “Ila asubuhi ile ulipoomba, ulipotoka dirishani ulimwogesha au hukumwogesha?”

“Nilimwogesha.”

“Ukamlisha?”

“Nikamlisha.”

Hakumwuliza tena.

Kitanda kikafika kilikokuwa kinakwenda, nyumba ya bati jipya na uzio wa maua. Mkwe wa yule mgonjwa, yule rafiki wa dada, alikuwa mwanamke kijana aliyefunga khanga kiunoni juu ya suruali ya kazini, na macho yake tayari yalikuwa na weusi chini. Fundi alimwonyesha namna ya kuzungusha mkono wa kitanda, namna ya kuweka mito, upande gani wa kusimama ukigeuza.

“Ni kazi ngumu sana?” mwanamke akauliza kwa kunong'ona, mzee asisikie.

“Ngumu mno. Atakayekuambia vingine usimwamini.” Akafikiri. “Na ukichoka sema. Usiseme dirishani peke yako. Tafuta mtu umwambie. Chukua namba yangu.”

Lori lilikuwa na safari nyingine, likawaacha. Wakarudi kwa miguu, barabara kubwa imejaa magari ya mchana, yeye na gauni lake la kijivu lenye kutu ya kitanda kifuani, Kabati na mkanda wake ameuvua na kuutupia begani.

“Leo nitampigia dada,” fundi akasema. “Nitamwambia niliomba nini. Akikasirika akasirike.”

“Nikae karibu?”

“Kaa karibu.”

Wakafika pa kuvukia. Magari hayakuwa na haraka ya kuwapisha.

“Lile swali lako,” akasema, “bado lipo?”

“Lipo. Mimi nahamisha vya watu tu, vyangu haviondoki.”

Hakutabasamu. Alikuwa na jambo la kusema na alitaka lifike lilivyo. “Sikiliza vizuri basi. Siku hiyo ikifika nitakuuguza, na nitachoka. Usidhani mapenzi yatanizuia kuchoka, nilikuwa nayo na nilichoka. Na inawezekana kabisa nikaomba yale yale.”

Kabati alitazama magari yakipita. Halikuwa jambo dogo kuambiwa, na hakujifanya kwamba ni dogo.

“Basi uombe kwa sauti nisikie,” akasema mwishowe. “Nami nitaitikia amina. Kisha utaniletea maji ninywe.”

Fundi akamshika mkono, wakaingia barabarani. Katikati, honi zikiwalilia pande zote, alimwambia ndiyo, na walipofika ng'ambo ikabidi alirudie, maana Kabati alisema hakusikia vizuri.